Sura ya 6: Nani Mwenye Njia ya Sauti?

"Nikimpigia mtu kwa WhatsApp, kampuni ya simu inapata nini? Na kama haipati kitu, mbona haijaifunga?"

Swali hili utalisikia Nyegezi nzima, hapa Mwanza: kwenye vibanda vya vocha pale stendi, kwenye hosteli za wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe, na kwa mama muuza dagaa ambaye siku hizi humwonyesha mteja wake wa Bujumbura mzigo kwa video kabla fedha haijatumwa. Zamani simu ya kwenda nje ya nchi ilikuwa jambo la kujipanga. Mtu aliandika kwenye karatasi atakachosema, akapunguza maneno, mwisho akapunguza hata salamu. Leo mama huyo anaongea na Bujumbura huku anageuza dagaa juani.

Nyuma ya swali hilo kuna jingine, ambalo vijana wanaosoma kompyuta huliuliza kwa hofu kidogo: nikitengeneza programu yangu ya kupiga simu kwa intaneti, kampuni kubwa zitanishtaki?

Jibu la swali la kwanza ni fupi. Kampuni inapata fedha ya bando, na imekubali kwamba bando ndiyo biashara yenyewe. Lakini haikukubali kwa hiari. Marekani kampuni kubwa zilikwenda mahakamani na vyeti vya uvumbuzi mkononi. Kwetu Afrika Mashariki hazikuhitaji vyeti hivyo, maana zilikuwa na sheria ya nchi upande wao. Nitaeleza mapambano yote mawili, kwa kuwa kijana asiyeyatofautisha ataogopa kisichomhusu na kusahau kinachomhusu.

Sauti inavyovuka

Simu ya zamani, ile ya waya, ilifanya kazi kwa kukukatia njia yako peke yako. Ukipiga kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, mitambo iliunganisha waya kwa waya mpaka njia moja ikawa yenu wawili. Mkinyamaza, njia inabaki yenu. Ndiyo maana bei ilihesabiwa kwa dakika na kwa umbali.

Simu ya intaneti haikukatii njia. Inachukua sauti yako, inaigeuza kuwa namba, kisha inaigawa katika vipande vidogo sana viitwavyo pakiti. Kwa kawaida pakiti moja hubeba sauti ya kama sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kila pakiti ina anwani ya inakokwenda, na inasafiri katika njia ileile inayopitisha picha, barua pepe na mpira unaotazamwa kwenye simu. Upande wa pili vipande vinapangwa upya, na sikio linasikia mtu akiongea. Umbali haupandishi bei, kwa sababu hakuna waya uliotengwa kwa ajili yako.

Hapo pana tatizo moja, na ndilo lililozaa kesi kubwa nitakazozisimulia. Intaneti haijui namba za simu. Inajua anwani zake yenyewe, ambazo hubadilika kila kifaa kinapohama. Abiria anayefika stendi ya Nyegezi anajua anakwenda Bukoba, ila hajui basi limeegeshwa wapi; lazima awepo mtu anayejua, na anayejua upya kila siku. Simu ya intaneti nayo inahitaji kompyuta ya kuuliza: namba hii iko kwenye kifaa gani sasa hivi, na kifaa hicho kina anwani gani? Kompyuta hiyo ikikosa jibu, sauti haina pa kwenda.

Kwa hiyo anayemiliki njia ya kugeuza namba kuwa anwani amekaa mlangoni. Mengine yote, ubora wa sauti, sura ya programu, hata bei, yanakuja baada ya hapo.

Hataza, na simu ya kwanza

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi na serikali ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Haitolewi bure. Mvumbuzi hulipa kwa kueleza wazi, kwa maandishi na michoro, uvumbuzi wake unavyofanya kazi, na muda ukiisha kila mtu ana ruhusa ya kuutumia. Ni makubaliano kati ya mtu mmoja na jamii: tufundishe unachokijua, nasi tutakulinda kwa miaka kadhaa.

Simu yenyewe ilizaliwa ndani ya makubaliano hayo. Alexander Graham Bell alipewa hataza yake Marekani tarehe 7 Machi 1876. Kampuni yake iliitetea katika kesi zipatazo 600, na haikupoteza haki hiyo. Hataza zake kuu mbili ziliisha 1893 na 1894, na miaka iliyofuata maelfu ya kampuni ndogo za simu yalichipuka vijijini na kwenye miji midogo ambako kampuni ya Bell haikuona faida ya kupeleka waya. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Ulinzi ulimtajirisha mvumbuzi, na mwisho wa ulinzi ndio uliowafikishia wakulima simu.

Verizon dhidi ya Vonage

Ukoo wa kampuni ya Bell uligawanywa na kuungana mara nyingi, na mmoja wa warithi wake ni Verizon, iliyoundwa mwaka 2000. Karibu wakati huohuo, huko New Jersey, ilizaliwa kampuni changa iliyoitwa Vonage. Kuanzia 2002 iliwauzia Wamarekani kisanduku kidogo: unachomeka simu yako ya kawaida upande mmoja, intaneti ya nyumbani upande wa pili, na unapiga simu nchi nzima bila kuhesabu dakika, kwa malipo ya kila mwezi. Watu walihama kwa mamia ya maelfu, na mwaka 2007 wateja walikuwa wamepita milioni 2.

Mei 2006 Vonage iliuza hisa kwa umma kwa dola 17 kila moja, ikakusanya dola milioni 531. Juni, mwezi mmoja tu baadaye, Verizon iliishtaki kwa kuingilia hataza saba. Sioni kuwa wakati huo ulichaguliwa kwa bahati. Kampuni isiyo na fedha haina cha kulipa. Yenye fedha mpya ya umma ina cha kulipa, na ina wenye hisa wenye hofu.

Kesi ilisikilizwa Alexandria, Virginia, mbele ya jopo la raia wa kawaida, kama ilivyo desturi ya Marekani. Hataza tano ndizo zilizofika mbele ya jopo, na zilizozua ubishi mkubwa zilihusu jambo lile nililoeleza la kugeuza namba kuwa anwani. Tarehe 8 Machi 2007 jopo lilisema Vonage imeingilia hataza tatu, ilipe dola milioni 58, na kuanzia hapo itoe mrabaha wa asilimia 5.5 ya mapato. Mrabaha ni malipo anayopewa mwenye haki kila inapotumika.

Fedha haikuwa pigo kubwa kuliko yote. Pigo lilikuwa zuio, yaani amri ya mahakama ya kuacha kufanya jambo. Tarehe 6 Aprili Jaji Claude Hilton aliamuru Vonage isisajili mteja mpya yeyote. Mawakili wake wakakimbilia mahakama ya rufaa, na siku hiyohiyo amri ikasimamishwa. Lakini pima maana yake kwa kampuni changa. Inaishi kwa kukua. Ukiizuia kupokea wateja wapya, huna haja ya kuifunga, itajifunga. Wiki moja baadaye mkurugenzi mkuu alijiuzulu na kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi.

Septemba mahakama ya rufaa ilikubali kwamba hataza mbili za kugeuza namba zimeingiliwa, ikatengua uamuzi juu ya ya tatu, na ikafuta hesabu ya fidia ili ipigwe upya. Siku moja kabla ya hukumu hiyo, jopo jingine huko Kansas lilikuwa limeitaka Vonage iilipe kampuni ya Sprint dola milioni 69.5 kwa hataza nyingine. Hisa zilizouzwa dola 17 zikashuka chini ya dola 2. Oktoba, AT&T nayo ikafungua kesi yake.

Vonage haikuwa na nguvu ya kuendelea. Ilikubali kulipa Verizon na shirika la hisani hadi dola milioni 120, Sprint milioni 80, AT&T milioni 39. Jumla ni dola milioni 239, karibu nusu ya fedha yote iliyokusanya kwa wanunuzi wa hisa. Ilinusurika, ikageukia huduma za biashara, na mwaka 2022 ikanunuliwa na Ericsson ya Sweden kwa dola bilioni 6.2.

Je, Verizon ilikuwa na haki? Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, ndiyo, na mahakama ya rufaa ilithibitisha sehemu kubwa. Ila mimi siridhiki na hukumu hiyo. Kugeuza jina kuwa anwani ni kazi ambayo intaneti imeifanya tangu mwanzo. Kila unapoandika jina la tovuti, kazi hiyo hufanyika. Haki pana kiasi hicho, juu ya hatua ambayo hakuna simu ya intaneti inayoweza kuikwepa ikitaka kufikia namba za kawaida, inamfanya mwenye nayo mlinzi wa lango badala ya mwalimu wa jamii. Marekani yenyewe ilianza kusita. Mwaka 2014 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua katika kesi ya Alice kwamba wazo la kawaida halipati hataza kwa sababu tu limefanywa kwa kompyuta. Kampuni ndogo iitwayo VoIP-Pal, iliyokuwa imezishtaki Apple, Verizon na AT&T mwaka 2016 kwa hataza zake za kuelekeza simu, iligonga ukuta huo: Machi 2019 jaji wa California alisema hataza hizo ni wazo tupu. Safari hii mdogo ndiye aliyemshtaki mkubwa, na mkubwa ndiye aliyefurahia hataza kudhoofika.

Kwa ufupi, mpaka hapa: simu ya intaneti ni rahisi kwa sababu haitengi waya, inahitaji kitu cha kugeuza namba kuwa anwani, na huko Marekani kampuni kubwa zilidai hatua hiyo ni mali yao.

Kwetu ukuta ulikuwa mwingine

Rudi Mwanza ya mwaka 2002. Kijana mwenye chumba cha intaneti mjini anaweza kumwunganisha mteja na ndugu yake London kwa bei ndogo sana kupitia kompyuta. Hakuna aliyemwuliza kuhusu hataza. Kilichomzuia kilikuwa leseni.

Mwaka 1994 lililokuwa Shirika la Posta na Simu liligawanywa, na kampuni ya TTCL ikarithi simu. Mwaka 2001 serikali iliuza asilimia 35 ya TTCL kwa wawekezaji kutoka Ulaya, na sehemu ya makubaliano ilikuwa ukiritimba wa miaka minne, yaani haki ya kuwa peke yake katika simu za mezani na za kimataifa. Mpaka tarehe 23 Februari 2005, kupitisha sauti ya kibiashara kwenda nje kwa intaneti kulikuwa kuingia shamba la mwingine.

Kenya ilikuwa na kisa kikali zaidi. Watoa huduma za intaneti wa Nairobi walichoka kuona barua pepe kutoka ofisi moja kwenda jirani yake inapanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi, kwa gharama ya fedha za kigeni. Novemba 2000 walifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ili ya Nairobi yabaki Nairobi. Telkom Kenya ilipeleka malalamiko kwamba ni yenyewe tu yenye haki hiyo, na baada ya kama wiki mbili mdhibiti akaamuru kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Zaidi ya mwaka mzima wa kulipia setilaiti bila sababu, na hakuna uvumbuzi wowote uliokuwa ukilindwa! Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa na Virginia. Verizon angalau ilipaswa kuonyesha maandishi ya ilichovumbua. Ukiritimba hauonyeshi chochote.

Mwaka 2005 mlango ulifunguka. TCRA, mamlaka ya mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya 2003, ilileta mfumo mpya wa leseni usiouliza tena kama unatumia waya, redio au intaneti, bali unafanya kazi gani: unajenga mitambo, unaendesha mtandao, unatoa huduma, au unarusha maudhui. Simu ya intaneti ikapata nafasi yake halali kama huduma. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, zikaleta kasi. WhatsApp ikaongeza simu za sauti 2015 na za video 2016, na kampuni za simu, ambazo sasa zilikuwa zinauza bando kuliko dakika, zikakosa sababu ya kuifunga.

Si kila mahali. Uganda iliweka kodi ya shilingi zake 200 kwa siku kwa mtumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, ikaiondoa 2021 na kuweka kodi kwenye bando. Na aliye na ndugu Muscat au Dubai anajua kwamba kwa miaka mingi simu za WhatsApp zimezibwa huko. Ujumbe unafika, sauti haipiti.

Palibaki eneo moja ambalo Tanzania inalisimamia kwa ukali, na ni lazima kijana alijue. Simu ya kutoka nje inapoingia nchini hulipiwa ada kubwa kuliko ya ndani. Wapo walioleta simu hizo kwa intaneti, kisha wakazipitisha kwenye kisanduku kilichojaa laini nyingi ili zionekane za ndani. Kisanduku hicho huitwa simboksi. Mwaka 2013 TCRA iliweka mfumo wa kufuatilia trafiki ya simu, na watu wamefikishwa mahakamani kwa kuendesha mitambo bila leseni. Teknolojia yake ni ileile ya Vonage. Kosa ni kutokuwa na leseni na kukwepa ada.

Basi kijana wa Malimbe ashike nini?

Mambo manne huchanganywa sana, hata na watu waliosoma:

- Hataza hulinda uvumbuzi. Tanzania Bara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hudumu miaka 10, na inaweza kuongezwa mara mbili kwa miaka mitano mitano. Zanzibar ina sheria na ofisi yake.
- Hakimiliki hulinda ulichoandika, pamoja na msimbo wa programu. Inaanza unapoandika, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ndiyo inayoshughulika nayo.
- Alama ya biashara hulinda jina na nembo. Nayo ni BRELA.
- Leseni si mali ya ubunifu. Ni ruhusa ya TCRA ya kutoa huduma ya mawasiliano kwa umma.

Kuhusu hofu ya kushtakiwa kama Vonage, hataza ina mipaka ya nchi. Iliyosajiliwa Marekani peke yake haina nguvu Nyegezi. Ili iwe nayo, mwenyewe angepaswa kuisajili Tanzania, moja kwa moja au kupitia ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la nchi za Afrika lenye makao Harare. Na Itifaki ya Harare, mkataba unaoongoza hataza za ARIPO, haihesabu programu ya kompyuta kwa yenyewe, wala mbinu ya kufanya biashara, kuwa uvumbuzi unaostahili hataza. Zaidi ya hayo, hataza za kugeuza namba zilizoiangusha Vonage zilitokana na ombi la miaka ya mwisho ya 1990, na muda wake umekwisha. Maandishi yake yapo wazi kwa umma, na mwanafunzi yeyote anaweza kuyasoma na kujenga juu yake bila kumwomba mtu.

Upande wa pili wa hoja hiyo una uchungu wake. Programu yako nawe haitapata hataza kirahisi. Na kama umebuni kifaa au mfumo wenye upya wa kweli, ukiuonyesha kwenye maonyesho au ukiuweka YouTube kabla ya kuomba, unaweza kuupoteza upya huo kisheria. Vijana wengi hushangilia kwanza, husajili baadaye. Wapeleke ombi kwanza.

Kama programu yako inawaunganisha wenye programu hiyo tu, mtu kwa mtu, hugusi namba za kampuni za simu. Lakini siku unapotaka mama wa dagaa mwenye simu ya kitochi, asiye na intaneti, apokee simu yako, umerudi kwenye lango lilelile la Virginia. Unahitaji leseni, unahitaji namba, na unahitaji maunganisho, yaani mkataba na kampuni yenye mteja huyo ili ikukubalie sauti yako iingie. Kwa kila dakika inayoingia utailipa ada.

Ada hiyo ndiyo ningemshauri kijana aisome kabla ya kusoma hataza yoyote. Kwa simu za ndani ya nchi hupangwa na TCRA. Januari 2018 ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, ikashushwa mwaka hadi mwaka mpaka kufikia shilingi 2 mwaka 2022. Kwa bei ya 2018, dakika elfu moja za kumpigia mwenye kitochi zingemgharimu shilingi 15,600 kabla hajalipia umeme wala kompyuta. Kwa bei ya 2022, zingemgharimu shilingi 2,000.